Nilikiri ili Mtoto Apone

Moyo wa binti yetu ulitugharimu milioni nne na laki tatu. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Nilipohesabu mara ya pili nikapata milioni nne na laki sita, kwa sababu mara ya kwanza niliisahau pikipiki, nadhani kwa makusudi. Hakuna mtu anayependa kuitaja pikipiki aliyoiuza kwa bei ya baiskeli. Humo mna nauli za Dar es Salaam, chumba tulichopanga kule, vipimo, chakula cha kununua, na mavuno ya msimu mzima ya korosho za mama mkwe wangu. Upasuaji wenyewe tulichangia kidogo. Sehemu kubwa ilibebwa na watu wema ambao mpaka leo siwajui hata sura. Mtoto yu hai. Ana meno manane na anauma. Kwa mtu wa sokoni kama mimi, hiyo ni bei nzuri, na sina la kulalamika juu ya fedha.

Kilichonishinda kulipa ni kitu kingine. Mke wangu haniamini tena, kwa sababu katikati ya ugonjwa ule nilikiri kosa ambalo sikulitenda. Naandika haya kwa wazazi walioanza safari hii juzi au jana, ambao bado wanakaa kwenye mabenchi wamempakata mtoto na hawajui wamuulize nani. Mambo ya vyumba vya moyo na mishipa waulizeni madaktari, wao ndio wanaolipwa kwa hilo. Mimi nitawaambia yaliyotupata nyumbani.

Zaituni alizaliwa wakati watu wanapulizia mikorosho dawa ya salfa. Alikuwa mtoto wa kilo tatu, mwenye sauti, na mkunga alimsifu mpaka nikaogopa. Mimi nina duka dogo pale Chikongola, mjini Mtwara: mchele, mafuta ya kula, na makopa, ile mihogo mikavu ninayoifuata mwenyewe Kilambo mtoni, kwa kuwa wanaovuka nayo kutoka Msumbiji huuza kwa bei ya kusikilizana. Kila wiki nilikuwa Kilambo siku moja, mara nyingine mbili. Kumbukeni safari hizo. Ndizo zilizonihukumu baadaye.

Wa kwanza kuona kasoro alikuwa mke wangu, Somoe. Mtoto hakuwa na mwezi wa pili.

"Baba Zai, njoo umtazame huyu. Ananyonya kama anayelima."

Kweli, jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, shanga kwa shanga, na nje upepo unavuma. Alinyonya kidogo, akaachia, akahema, akashika tena. Nikasema ni joto la mama. Somoe akasema yeye hana joto. Nikasema basi ni ulafi, amenirithi mimi. Tukacheka. Kicheko kile nakikumbuka kuliko mambo mengi makubwa ya mwaka ule, na natamani ningekirudisha nilikokitoa.

Zahanati walisema nimonia, wakampa sindano. Kikohozi kikapungua, kikarudi. Tukaenda tena, wakasema nimonia tena. Siwalaumu, kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mwenye nimonia. Lakini kwenye kliniki ya watoto kila tulipompima, ule mstari wa uzito kwenye kadi haukupanda. Ulilala, kisha ukaanza kuinamia chini. Nesi aliutazama, akamtazama Somoe, akasema, "Mama, mnyonyeshe mtoto." Maneno hayo mpeni mwanamke ambaye kutwa kucha titi liko mdomoni mwa mwanawe, muone atakavyorudi nyumbani.

Korosho zilipoanza kudondoka, mama mkwe alikuja kumwona mjukuu. Anaishi Msimbati, upande wa Mnazi Bay, ana mihogo na mikorosho yake aliyoachiwa na mama yake, na hana mazoea ya kuja mjini wakati wa mavuno. Akaja hivyohivyo. Hata maji hakunywa. Alimvua mtoto nguo, akamgeuza, akaitazama ngozi ya makalio jinsi ilivyolegea na kukunjamana, akazishika nyonga kwa vidole viwili. Kisha akanitazama mimi. Hakumtazama binti yake.

"Mtoto huyu amebemendwa," akasema.

Asiyelijua neno hilo ana bahati. Kwetu, mama anaponyonyesha, baba anatakiwa atulie. Akitoka nje ya ndoa, akarudi na joto la huko, akampakata mtoto, basi mtoto hudhoofu, hukohoa, miguu huwa kama vijiti. Hapo ndipo husemwa amebemendwa. Dawa yake ipo, wanaijua kina mama: majani ya kuchemsha na kumwogesha mtoto kwa siku saba. Ila dawa haishiki mpaka aliyebemenda akiri kwa kinywa chake mbele ya wakubwa. Akificha, mtoto anakufa, na damu yake iko juu ya aliyeficha.

Mimi nilizaliwa Mtwara hii hii. Msinione leo naandika mkadhani nilikuwa nacheka wakati ule. Nusu ya moyo ilisema ni upuuzi, nusu nyingine ilisema mtoto anakufa.

Kikao kilifanyika nyumbani kwangu baada ya sala ya Alasiri. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti ni mjomba, kwa hiyo alikuja mjomba wake Somoe, mzee Saidi, fundi seremala, mtu mpole anayezungumza kana kwamba anapima mbao. Akaketi kitini. Mama mkwe akakaa mkekani na Somoe, mtoto katikati yao. Mimi nikapewa kigoda.

"Mkwe," mzee Saidi akaanza, "hatukuja kukugombeza. Mwanamume ni mtu wa njiani. Tumekuja kwa ajili ya huyu mtoto tu."

"Naelewa, mjomba. Lakini sikutenda."

"Kilambo unafuata nini kila wiki?"

"Makopa."

"Makopa!" mama mkwe akadakia. "Mihogo imejaa Msimbati, tunakosa wa kumuuzia. Yeye anaifuata mtoni! Mihogo ya huko ina asali?"

"Ina bei, mama."

"Ndiyo hiyo bei tunayoilipa sasa."

Mjomba akamnyamazisha kwa mkono. Nikamtazama Somoe. Alikuwa anamtazama mtoto, na mtoto anahema, mbavu zinaonekana moja moja, kile kidimbwi cha shingoni kinazama na kuibuka. Somoe akasema, bila kuinua uso, "Baba Zai, kama kipo, kiseme. Mimi sitasema kitu. Kiseme tu apone."

Hapo mimi nikafanya ninachokijua. Nikapiga bei. Upande huu nikaweka aibu: nitaonekana malaya, mama mkwe atanisimanga mwaka mzima, mwisho watasahau. Wanaume wangapi wamekiri na bado wanapikiwa pilau Idi? Upande wa pili nikaweka mtoto. Nikapima mara mbili, na mara zote mbili niliona ninachoambiwa nitoe ni maneno matupu, tena ya uongo, yasiyonipunguzia hata shilingi. Sijawahi kuona mali inauzwa rahisi namna ile. Ingenipasa nishtuke. Kitu rahisi kupita kiasi sokoni huwa kimeibwa au kimeoza, hilo hata mtoto wa shule analijua.

"Ni kweli," nikasema. "Nilitereza."

"Na nani?" mama mkwe akauliza.

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikitaja mwanamke wa Chikongola, ataitwa. Nilitaka mtu asiyeweza kuitwa kikaoni.

"Mwanamke wa ng'ambo. Anavuka na mihogo pale Kilambo. Amekwisha kurudi kwao."

Mzee Saidi akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, mwanamume ni yule anayekiri. Mama mkwe akainuka kwenda kuchemsha majani, na kwa mara ya kwanza siku ile akaniita mwanangu. Nikajiona nimeshinda. Niliinamisha kichwa kama mkosaji, na kusema kweli niliinamisha vizuri sana, kwa ustadi, kama ninavyofanya mbele ya mtu wa ushuru. Somoe alibaki pale pale mkekani. Hakulia. Alichukua khanga akamfunika mtoto miguu, ingawa kulikuwa na joto.

Siku saba mtoto akaogeshwa. Ya tatu alichangamka, akacheka, tukaambiana dawa imeshika. Wiki ya pili akawa hawezi kumaliza kunyonya hata titi moja, na midomo ikawa na rangi ya zambarau iliyofifia. Wazazi wenzangu, jasho la mtoto anaponyonya si ulafi. Msipoteze mwezi niliopoteza mimi. Ule mwezi ndio ninaoulilia. Fedha nitatafuta nyingine.

Tulikwenda hospitali kubwa mvua za kwanza zikinyesha. Daktari alikuwa kijana wa kike, ana miwani na kikohozi chake mwenyewe. Alikishika kile kipimo cha kusikilizia, akakipasha joto kiganjani kwanza ndipo akakiweka kifuani kwa Zaituni. Jambo dogo, lakini mimi na Somoe wote tuliliona. Akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele. Nikajua kuna neno. Mtu akihesabu mara mbili huwa ameona upungufu.

Siku ya kipimo cha picha ya moyo ndipo alipotuambia: kuna tundu, kubwa, kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Damu inapita pasipo njia yake, mapafu yanajaa, mtoto anachoka. Alizaliwa nalo. Panahitajika upasuaji Dar es Salaam, lakini kwanza aongezwe uzito na apewe dawa.

Nitasema ukweli ambao ni aibu kuusema. Nilifurahi. Daktari ananiambia moyo wa mwanangu umetoboka, nami ndani nasema, nimepona! Alizaliwa nalo! Nikamgeukia Somoe nione uso wake ukifunguka.

Somoe akamwuliza daktari, "Kwa hiyo hakuna aliyesababisha?"

"Hakuna, mama. Si wewe, si baba. Linatokea tu akiwa tumboni."

"Hata kama baba alitoka nje wakati nanyonyesha?"

Daktari akanitazama kidogo, akatazama karatasi zake. "Hata hivyo, mama. Tundu halikutokana na hilo."

"Ahsante," Somoe akasema.

Akambeba mtoto mgongoni akatoka. Mimi nikabaki na daktari, tunatazamana kama watu wawili waliokosea mlango. Ndipo nilipoelewa nilichonunua. Daktari alinifutia ugonjwa. Uzinzi hakuwa na uwezo wa kuufuta. Kwa Somoe nilikuwa sasa mtu aliyetoka nje ya ndoa, ila kwa bahati yangu dhambi haikumdhuru mtoto.

Miezi iliyofuata tuliishi kwa dawa ya kukojoza. Kidonge unakigawa robo, unakisaga, unakichanganya na maziwa uliyokamua, unampa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nepi zikawa hazikauki, na mvua ilikuwa imeshika. Nesi mmoja alinifundisha kuhesabu pumzi: mtazame tumbo akiwa amelala, hesabu kwa dakika nzima. Kazi ile ilinifaa. Nilihesabu, nikarudia, sabini na mbili, sabini na nne, nikamwambia Somoe, naye akatikisa kichwa kusema amesikia. Mazungumzo yetu yakawa hayo. Alinipikia, alinifulia, alinisalimu asubuhi. Aliniita Baba Zai kama siku zote. Ukitutazama kwa nje ungesema nyumba hii ina heshima.

Ila kwenye mabenchi ya hospitali aliniuliza. Sijui kwa nini huko. Nadhani kwa sababu mbele za watu siwezi kupaza sauti. Tunakaa, foleni haijasogea, mtoto amelala, naye anasema taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Ana watoto?"

"Nani?"

"Huyo wa Kilambo."

"Somoe, huyo mtu hayupo. Nimeshakwambia."

"Jina lake?"

Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Mama mmoja mbele yetu alikuwa anampaka mwanawe mafuta ya kopo, na kopo limeandikwa Rozina. "Rozina," nikasema, ili nipumzike. Wiki nzima hakuuliza tena. Nikaona kumbe uongo unamtuliza kuliko kweli, nikauacha. Hilo ni kosa langu la pili, na la pili ndilo kubwa, kwa sababu la kwanza nililifanya kwa hofu na hili nililifanya kwa uvivu.

Mama mkwe alileta fedha za korosho zake zote, kwenye mfuko wa rambo, akaziweka mkekani. Nikamwambia ni nyingi, abakize. Akasema, "Nibakize nile na nani?" Mwanamke huyu aliyeniweka kwenye kigoda ndiye aliyetufikisha Dar es Salaam. Mtanisamehe nikishindwa kumchukia, na kumpenda pia kunanipa kazi.

Dar tulifika mwezi Machi, kwa basi la alfajiri. Mtoto alikuwa na miezi tisa na mwili wa miezi minne. Katika wodi kulikuwa na akina mama wa kila mkoa, wote na watoto wa moyo, na sikuwahi kuona watu wanaochekana vile. Wa Tabora alimwita mwanawe Bosi kwa sababu amekataa uji. Mmoja wa Tanga alimpa Somoe chupa yake ya chai tukae nayo, akisema ataichukua akirudi kliniki. Ndipo Somoe akacheka kicheko chake cha zamani. Nilikuwa mlangoni na mkate. Nilisimama hapo nje mpaka kikaisha, maana nilijua nikiingia kitakatika.

Huko ndiko nilikomweleza yote, neno kwa neno, kwenye ngazi za nje, siku moja kabla ya upasuaji. Nikamwambia sikumgusa mtu. Rozina ni kopo la mafuta. Nilikiri ili dawa ishike. Naapa kwa huyu mtoto.

"Usimwapie mtoto," akasema haraka.

"Basi naapa kwa Mungu."

Akafikiri. Somoe si mjinga na hakasiriki ovyo, ndiyo maana nilimwoa, na ndiyo maana ni vigumu kumshinda.

"Baba Zai, mimi nimekaa nawe miaka sita. Mchele ukipungua gramu unajua. Mtu akikuomba chumvi unamwuliza kesho ataleta nini. Wewe hujawahi kutoa kitu bure. Leo unataka niamini kwamba jina lako zima ulilitoa bure?"

"Sikulitoa bure. Nililitoa kwa ajili yake."

"Ulikiri na macho yako yameinama. Nilikuona. Mtu hawezi kuinama vile kwa uongo."

Ningemwambiaje kwamba naweza?

Kesho yake walimchukua asubuhi. Tulimsindikiza mpaka mlango ambao mzazi haupiti. Alikuwa anatazama taa za dari, akavikusanya vidole vyake kifuani. Mlango ukafungwa. Wanasema subira ni ngao. Pale mimi sikuwa na ngao wala mkuki, nilikuwa na kofia tu, niliikunja na kuikunjua mpaka ukingo ukaachia nyuzi. Somoe alikaa upande wa pili wa benchi, midomo inacheza, anasoma. Sikujua anaahidi nini. Nilidhani anaomba kama mimi.

Mchana ulipopinda daktari akatoka na kusema tundu limezibwa na moyo unapiga vizuri. Somoe alinishika mkono, akaubana. Kisha akakumbuka, nikaona kabisa anakumbuka, akauachia polepole ili nisifedheheke.

ICU tuliingia mmoja mmoja. Mtoto alikuwa na mipira puani, shingoni, ubavuni, na bandeji ndefu katikati ya kifua. Kilichoniliza si mipira. Ni nyayo. Zilikuwa na rangi. Miezi tisa nilidhani mwanangu ana nyayo nyeupe kwa asili, kumbe ilikuwa damu tu haifiki sawasawa.

Tulirudi Mtwara mvua zikiisha. Zaituni alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Ndugu walikuja, wakaomba kuliona kovu, wakatoa mia tano tano. Mama mkwe alipitisha kidole chake juu ya kovu bila kuligusa, akasema, "Dawa yangu ilimshikilia mpaka mkafika." Sikubisha. Baadaye nikamfuata jikoni, nikamwomba: mama, wewe unajua sasa ugonjwa ulikuwa nini. Mwambie mwanao kwamba nilikiri kwa sababu mlinibana.

Akapepeta mchele wake mpaka mwisho ndipo akanijibu. "Mkwe, mimi nilikubana useme ndiyo au hapana. Mwanamke wa ng'ambo anayevuka na mihogo, nilikupa mimi?"

Msimu mpya wa korosho umeanza, mtoto anatembea kwa kushika ukuta, na wiki tatu zilizopita Somoe aliniambia alichokuwa anakiahidi kwenye lile benchi. Aliweka nadhiri. Alisema: ya Rabi, huyu akitoka hai katika mlango ule, mimi nitamfuata yule mwanamke, nitamsamehe uso kwa uso, na nitampa doti ya khanga mpya kwa mikono yangu. Mtoto ametoka hai. Khanga ameshanunua, ya gharama kuliko anazovaa yeye. Anachotaka kwangu ni kumpeleka Kilambo.

Nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu nikamweleza yote. Akacheka kwanza, Mungu amhifadhi, kisha akaacha. Akasema nadhiri ya namna hiyo ikishindikana kuna kafara, walishwe maskini kumi. Nikarudi nyumbani mbio, maskini kumi nawaweza. Somoe akanisikiliza.

"Kafara ni ya aliyeshindwa," akasema. "Mimi miguu ninayo, khanga ninayo. Anayeshindwa hapa ni nani?"

"Hayupo, Somoe! Nikupeleke kwa nani?"

"Unamficha. Sitamfanya kitu. Nataka nimalizane na Mungu, na nikishamwona, nitamalizana na wewe. Nimechoka kulala na mtu nisiyemjua." Sauti haikupanda hata kidogo. Mtoto alikuwa amemshika goti.

Sasa kuna Chande, anayenibebea mizigo pale Kilambo. Nilimweleza kama mtu anavyomweleza rafiki. Akasema jambo hili ni dogo. Pale mtoni kuna mjane anauza chai, kwao ng'ambo, Kiswahili chake kizito, hatasema mengi. Atapokea khanga, ataomba radhi, ataondoka. Elfu thelathini.

"Ishirini," nikamwambia.

"Ishirini na tano, bosi, ni kazi ya kulia hiyo."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ishirini na mbili ndipo nikaisikia sauti yangu. Nilikuwa napatana bei. Nikapanda gari la mizigo nikarudi bila makopa.

Kliniki ya marejeo Dar ni baada ya mavuno. Somoe amesema tukirudi tu, ni Kilambo. Tukifika pale pasiwe na mtu, atasema nimemtorosha, na sijui kama atapanda gari kurudi nyumbani nami. Tukifika pale tukamkuta yule mjane, Somoe atatua mzigo wake, atalala, pengine atacheka nikiwa ndani ya chumba. Na mimi nitakuwa mzinzi mwenye ushahidi mpaka kaburini, na mke wangu atakuwa amemwekea Mungu nadhiri akailipa kwa mwanamke niliyemkodi.

Nimehesabu mara mbili na kila mara napata jibu tofauti. Kwa hiyo nawaomba ushauri mliopita kwenye mabenchi yale mkarudi na mtoto na mkarudi pia na ndoa. Wanawake hasa ndio ninaowauliza, maana wanaume nimeshawauliza na wote wanataka kujua mjane ana sura gani. Mngekuwa ninyi ndio Somoe, mmeshuka pale mtoni, mtoto mgongoni na khanga mkononi, mngetaka kukuta nini?